Mbegu Haishukuriwi

Kuna watu wanaopiga hodi huku mguu umeshaingia ndani. Jerónimo, fundi wa kilimo wa mradi wa mbegu, hakuwa mtu wa namna hiyo alipofika Quitunda mara ya kwanza. Siku hizo alivua viatu, akakaa mkekani, akanywa chai bila sukari na kusema ni tamu. Jumatatu hii alisimama mlangoni mwa jiko la Atija, kiatu kimoja ndani na kimoja nje, karatasi mkononi.

"Magunia ni mawili, mama Sumaia. Nilipima shamba lako kabla ya kuvuna. Yalitakiwa matatu."

"Matatu yalikuwepo," Atija alisema. Alikuwa anapepeta kunde, na hakuacha. "La tatu tumekula nusu. Nusu nimegawa."

"Umegawa unga?"

"Unga! Nani anagawa unga mwaka wa mavuno? Nimegawa mbegu. Nimechagua mahindi yaliyojaa mpaka nchani, nikawapelekea watu." Akaweka ungo chini, akatabasamu, akangoja sifa. "Mbegu yenu ni nzuri, bwana fundi, tuseme kweli. Januari mvua ilikata wiki tatu, mahindi ya wenzetu yakajikunja kama sigara, haya yakasimama. Viwavi walikuja, wakaonja, wakafa. Nikasema, jambo kama hili nisilile peke yangu."

Jerónimo hakutabasamu. Alitoa kalamu.

"Uliwapa nani?"

"Watu."

"Watu gani, mama?"

"Wenye mashamba. Wasio na mashamba mbegu wataifanyia nini?"

Nje mtu alicheka. Alikuwa Nazir, mkuu wa mtaa, ambaye hakuna gari lililosimama Quitunda asifike kabla injini haijazimwa.

Atija alizaliwa Quionga, na huko mwanamke aliyevuna vizuri hapimi mbegu wala haiuzi. Anachagua mahindi mawili mawili, anayafunika kwa kanga, anayapeleka. Anayepokea hasemi ahsante, maana mbegu iliyoshukuriwa haioti, anasema tu, "Tumeonana." Na jina la aliyepewa halitajwi tena, ili shamba lake likikataa asichekwe. Atija alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hakuwahi kusikia kwamba jambo hilo linaweza kuwa kosa.

"Ni kosa," Jerónimo alisema. "Liko kwenye mkataba. Kula mnaruhusiwa. Kuuza mahindi ya kula mnaruhusiwa. Kuyapanda tena, kumpa mtu ayapande, hapana. Mbegu hii ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mimi si ndiye niliyeipalilia?"

Fundi alinyanyua macho ili asimtazame, na ndipo alipoyaona. Juu ya mafiga, kwenye kichanja kilichoshika masizi, yalining'inia mahindi kumi na saba yaliyofungwa kwa maganda yake. Moshi ulikuwa umeyatia weusi, lakini pale ganda lilipopasuka punje zilionekana nyekundu kama ngozi ya kitunguu.

"Na hayo ya juu?"

Atija akasimama.

"Hayo si yenu. Hayo ya mama yangu."

Mwaka wa kukimbia vita, Atija alitoka na mahindi ya namna hiyo sita, kayafunga tumboni kama mja mzito. Walilala msituni siku kumi na tisa. Walikula ming'oko, mizizi ya msituni, walikula majani, na binti yake Sumaia, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na sita, alizimia mara mbili. Yale sita hayakuguswa. Waliporudi, mbegu nyekundu ya Quionga haikuwa tena kwa mtu mwingine yeyote aliyemjua: wengine waliiacha ndani nyumba zikaungua, wengine waliila. Atija aliipanda msimu baada ya msimu, mistari michache, ipate kutosha kugawa. Hayo kumi na saba ndiyo yaliyokuwepo duniani, kwa kadiri dunia ilivyofika kwake.

"Uliyapanda wapi?"

"Mwisho wa shamba. Upande wa pili wa mahindi yenu."

Jerónimo alitoa kichupa kwenye mkoba. Akaomba punje tatu. Aliziponda, akazitia maji, akatikisa, akachovya kijikaratasi chembamba. Atija aliziangalia punje za mama yake zikigeuka uji kwenye plastiki. Maji yalipanda kwenye kijikaratasi taratibu, ukatokea mstari mmoja, kisha wa pili.

"Miwili," Jerónimo alisema kwa sauti ya chini.

Nazir alishaingia. "Mistari miwili? Kama ile ya zahanati? Haya, bi Atija, mahindi yako yana mimba!"

"Nazir, toka jikoni kwangu."

"Nauliza tu nani mwenye mimba. Mimi nilisema tangu mwanzo, mahindi haya yanaua uzazi. Kumbe yanazalisha!"

"Uzazi wako uliuawa na pombe ya mnazi. Nimeyala miezi miwili sijaota mkia. Toka." Akamgeukia fundi. "Nieleze wewe uliyesoma. Mstari wa pili ni nini?"

Jerónimo alieleza, na tumpe haki yake, alieleza vizuri. Upepo ulichukua vumbi la maua ya mahindi ya mradi ukalidondosha kwenye mahindi mekundu. Sasa mekundu nayo yalikuwa na ile nguvu ya kuua viwavi, ambayo iliwekwa humo na wataalamu, na ambayo ni mali ya kampuni.

"Jogoo wa jirani akimpanda kuku wangu," Atija alisema, "vifaranga vya nani?"

Jerónimo, mtoto wa mkulima wa Mueda, alilijua jibu tangu hajaota meno. Alifunga mkoba.

"Alhamisi Dotora, mkubwa wetu wa mradi, atakuja mwenyewe kutoka Pemba, makao ya jimbo. Usiyaguse."

*

Tuaibo, mume wa Atija, alirudi kutoka msikitini baada ya adhuhuri na kuyakuta maneno yote yanamngoja kizingitini. Alikuwa mtu mwembamba, aliyenyooka, mwenye kalamu mbili katika mfuko wa shati hata siku ambazo hakuwa na la kuandika. Baada ya uhuru alisoma madarasa ya jioni ya watu wazima miaka minne, baada ya kazi ya kubeba magunia bandarini. Watu wa Quitunda walimletea barua zao, na yeye alizisoma akiwa amesimama.

"Ulitia sahihi mkataba," Atija alisema. "Ndani yake mna nini?"

"Mna mambo ya kilimo."

"Nilikuuliza siku ile. Nikakwambia, wamesemaje? Ukasema, wamesema tupande vizuri."

"Ndiyo walivyosema."

"Baba, ulete," Sumaia alisema.

Sumaia alikuwa ametoka kazini. Alivaa kizibao cha kijani cha mradi, chenye picha ya hindi mgongoni. Kazi yake ilikuwa kuwatafsiria wageni Kireno na Kiswahili. Mshahara wake ndio ulionunua mabati ya jiko lile.

Mkataba ulikuwa katika sanduku la bati, chini ya cheti cha shule. Kurasa kumi na moja. Tuaibo alivaa miwani, akaufungua, akasoma ukurasa wa kwanza kwa Kireno, kwa sauti, vituo vyote mahali pake. Ukurasa wa pili alisoma polepole. Wa tatu maneno yalikuwa madogo kama sisimizi, akanyamaza, midomo ikiendelea.

"Ukurasa wa saba, baba," Sumaia alisema. "Kifungu cha nne. Wasiojua kusoma walisomewa wote, Kiswahili, mmoja mmoja. Ni sheria: atakayetia dole gumba lazima asomewe kila neno. Ilichukua adhuhuri mpaka alasiri. Wewe ulikuwa wapi?"

Tuaibo alijua alipokuwa. Watu wote walijua. Wanaume walikuwa wamepangwa kwenye benchi, na Jerónimo aliuliza kila mmoja, anajua kusoma? Mmoja baada ya mwingine walisema hapana, wakipaka dole wino wa buluu. Ilipofika zamu yake, Tuaibo alisema, "Nipe hapa, mimi nasoma." Akageuza kurasa zote kumi na moja mbele ya benchi zima, akisimama kidogo kwenye kila moja kama msomaji anavyosimama. Kisha akaandika jina lake lote, na T yake ikainama juu ya herufi nyingine kama mwavuli. Fundi alisema, "Mzee ana mwandiko mzuri." Alitembea na maneno hayo wiki nzima.

"Nilisoma," alisema sasa.

"Ulielewa?" Atija aliuliza.

Tuaibo alivua miwani. Aliikunja, akaikunjua.

"Nusu," alisema. "Pengine si nusu."

Atija hakupiga kelele, na kwa mtu kama Tuaibo hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwa hiyo kina Momade wasiojua alifu wala be wanaijua sheria ya shamba lao," alisema, "na mimi mke wa msomi siijui. Wao walificha mahindi yao. Mimi nimemwambia fundi kwa mdomo wangu, huku nacheka."

"Mama, basi," Sumaia alisema.

"Basi nini? Hata wewe ulijua."

"Nilidhani baba amekwambia."

Tuaibo aliurudisha mkataba sandukuni. Cheti cha shule alikiacha juu ya meza, kana kwamba hakujua tena kinakaa wapi.

*

Dotora Sónia alifika Alhamisi asubuhi, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu vizuri kwa matope. Aliamkia kwa Kiswahili maneno mawili aliyokuwa nayo, akapewa kiti cha pekee chenye mgongo. Jerónimo alibaki amesimama. Sumaia, ndani ya kizibao chake, alisimama kati ya mwajiri wake na mama yake.

Walipima asubuhi nzima. Kila hindi lilinyofolewa punje, likapewa namba kwa kalamu nyekundu juu ya ganda lile jeusi la moshi. Mahindi kumi na tano yalionyesha mistari miwili. Mawili yalionyesha mmoja.

"Mawili ni safi," Dotora alisema, na Sumaia akatafsiri. "Nimefurahi kwa ajili yako, mama. Haya kumi na tano yasipandwe. Lakini haya mawili naweza kuandika kwamba ni ya kwako, na ukabaki nayo."

Atija alimtazama. "Mwambie nimesikia. Sasa aseme kilichobaki."

"Anahitaji majina," Sumaia alisema, macho chini. "Ya uliowapa. Mbegu ikizagaa bila kujulikana ilipo, wadudu wataizoea, na mradi utafungwa, watu wote wakose. Anasema anajua hukuwa na nia mbaya. Ukitaja majina, unabaki na haya mawili na unabaki kwenye mradi."

"Nisipotaja?"

"Anayachukua yote, kwa kuwa hawezi kujua nini kimechanganyika na nini. Na tunatolewa."

"Mwambie kwanza hili. Alisema niache mita ngapi kati ya mahindi yake na yangu?"

"Mia nne. Iko kwenye mkataba."

"Watu wa gesi walipotutoa kwetu wakatuleta hapa, shamba walilonipa lina mita mia moja kwa upande. Angenipa hizo mia nne ningeziacha. Ningezifagia kila asubuhi. Mwambie."

Sumaia alisema. Mwanzoni mwa kazi ile alijifunza kulainisha: watu wakisema "wezi" yeye alisema "wana wasiwasi." Leo hakulainisha. Dotora alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema shamba halikugawiwa na mradi wake. Ilikuwa kweli. Kila aliyefika Quitunda alikuwa na kweli yake ndogo iliyoanzia pale kweli ya mwenzake ilipoishia, na katikati hapakuwa na mtu wa kumshika.

"Mwambie tena. Mahindi yake ni mazuri. Sisemi yana sumu, wala hayatoi mtu mapembe, maneno hayo ni ya Nazir. Ni mazuri, ndiyo maana niliyagawa. Kitu kibaya ningemgawia nani? Amekuja na kitu cha kuwaondolea watu njaa, kisha amekasirika kwa kuwa kimefika kwa watu."

"Majina, mama," Jerónimo alisema kwa Kiswahili chake cha bara. "Majina tu. Mahindi mawili yanatosha kuanzia. Mawili mwaka huu, mwakani ishirini."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Atija aliyatazama mahindi mawili yaliyotengwa pembeni ya meza. Angeyapanda Desemba. Lakini wanawake wanne aliowagawia wangefikiwa na gari, mahindi yao yangenyofolewa, majina yao yangeandikwa, na mmoja wao alikuwa mjane aliyekuwa amerudi Quionga mwezi wa tano tu, asiye na kitu kichanjani ila kile alichopewa.

"Mbegu haishukuriwi," alisema, "na aliyepewa hatajwi."

Dotora akamgeukia Sumaia, akamuuliza yeye kwa upole, kwa Kireno, bila kumtaka atafsiri. Atija hakuhitaji tafsiri. Msichana alikuwa amepeleka kikapu kwa miguu yake mwenyewe, na uso wake haukuwahi kujua kuficha.

"Nilibeba kikapu," Sumaia alijibu kwa Kiswahili, ili mama yake asikie. "Kilikuwa kimefunikwa."

Kisha akavua kizibao cha kijani. Alikikunja vizuri, picha ya hindi ndani, akakiweka mezani kando ya vichupa.

Dotora alipumua. Akatoa fomu. Mahindi yote kumi na saba yangechomwa uani, mbele ya mashahidi, na mwenye nyumba angetia sahihi.

"Ngoja," Atija alisema. "Bwana fundi, Jumatatu ulisema kula ruhusa."

"Ruhusa."

"Hata haya?"

Jerónimo alitafsiri. Dotora alifikiri, akasema ndiyo. Likiliwa limekwisha, ni sawa na kuchomwa, ilimradi waone.

"Mtaona," Atija alisema.

Aliyachukua yote, na yale mawili pia. Dotora alinyoosha mkono kama anayetaka kuzuia, akaurudisha. Atija alikaa chini na ungo mapajani, akaanza kupukuchua. Punje zilidondoka nyekundu, ngumu, zikilia kwenye ungo, na magunzi akayatupa motoni. Alizitia kwenye sufuria ya shughuli, pamoja na zile kunde alizopepeta Jumatatu, akakoleza kuni. Pure ya mahindi makavu haina haraka. Aliwaambia wageni wakae.

"Mzee atie sahihi, sisi twende," Jerónimo alisema. "Jioni barabara ya Palma si nzuri."

"Mimi sijui kusoma," Tuaibo alisema.

Alikuwa ameketi ukutani tangu asubuhi, bila kalamu mfukoni. Watu wote waligeuka.

"Mzee Tuaibo! Wewe?"

"Sijui kusoma. Nisomee. Kila neno, kwa Kiswahili. Ni sheria."

"Mzee, tafadhali, ni kurasa sita..."

"Sina safari."

Jerónimo akasoma. Alisoma akiwa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyempa kiti. Kila alipojaribu kuruka, Tuaibo aliinua kidole. "Hapo umepita mstari." Alimrudisha mara saba. Alimuuliza maana ya "mali ya ubunifu", akamuuliza tena, akamtaka aeleze kwa maneno ambayo mama mzazi wa fundi angeelewa, na Jerónimo alijaribu, akashindwa, jasho likimtoka chini ya kofia. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakajaa uani. Sufuria ilichemka. Kulikuwa na harufu ambayo wazee waliitambua kabla ya kujua ni ya nini.

Ilipofika alasiri kusoma kukaisha. Tuaibo alisogea mezani. Dotora alimpa kalamu kwa heshima. Aliwahi kusikia habari za mwandiko wake. Tuaibo hakuipokea. Alibonyeza dole gumba kwenye kibweta cha wino, akalipiga juu ya karatasi kwa nguvu mpaka meza ikayumba, akalinyanyua juu, la buluu, watu wote walione.

Atija alipakua. Sahani ya kwanza alimpa Dotora, ya pili Jerónimo, kwa mikono miwili, kama wageni wanavyopewa. Punje zilikuwa zimepasuka na kuvimba, lakini wekundu haukutoka. Dotora alionja, akala kijiko cha pili, akasema kwa Kireno kwamba ni tamu sana, na huenda alisema kweli.

Jerónimo aliishika sahani yake. Kwao Mueda, mtu anayeila mbegu ya nyumba amefika mwisho. Nyanya yake alikufa kwa njaa na debe la mbegu likiwa chini ya kitanda, na walimzika kwa sifa. Alitazama kichanja juu ya mafiga, kitupu, kamba zake zikining'inia. Kijiko kilipanda mpaka nusu ya njia, kikasimama.

"Kula, mwanangu," Atija alisema. "Usiogope. Humo tumboni hayataota."